Kibanda Kisichopitisha Upepo

Chepkemboi hakupenda milima hata kidogo. Mtu aliyezaliwa Kapsoit akakulia katikati ya mashamba ya chai anajua mlima ni kitu cha kutazamwa kwa mbali, asubuhi, ukiwa na kikombe mkononi. Lakini mwaka ule wa 1994 wachungaji wa makanisa walikaa kikao, wakaona kwamba tangu nyumba za Wakikuyu zichomwe kule Londiani miaka miwili nyuma, wao na majirani zao walikuwa wanasalimiana kwa meno tu. Wakatangaza matembezi ya amani. Waumini wa pande zote wangepanda milima kutoka Londiani, walale kwenye vibanda vya zamani vya walinzi wa moto wa msituni, kibanda hadi kibanda, kisha wateremkie upande wa chai wakiwa ndugu. Kama kuna mchungaji aliyewauliza akina mama habari za magoti yao, jina lake halijulikani hadi leo.

Vibanda vilikuwa vidogo, kwa hiyo watu waligawanywa. Akina mama watatu, Chepkemboi akiwa mmoja wao, walitangulia na Kiptum, askari wa msitu aliyezijua njia. Vijana wangefuata siku moja nyuma yao wakiongozwa na Gibson, mwalimu wa kwaya. Masharti yalikuwa rahisi: kila waliotangulia waache kibanda kimefagiwa na kuni ziko tayari kwa wanaokuja.

Hapo ndipo moyo wa Chepkemboi ulipokamatwa, maana miongoni mwa vijana alikuwemo Nelvine, binti yake wa pekee. Nelvine alikuwa na pumu tangu akinyonya. Kila mwezi wa saba mama yake alikuwa amezoea kumkimbiza hospitalini akiwa amemfunga mgongoni, na hata sasa, binti akiwa chuo cha ualimu, Chepkemboi alikuwa akiamka kusikiliza anavyopumua. Maadui wa kifua kile aliwajua wote wawili kwa majina: baridi na moshi. Alimkataza asije. Nelvine akasema rafiki yake Waringa anaenda, na Waringa akienda, yeye hawezi kubaki nyumbani kama kuku anayeatamia.

Waringa alikuwa binti ya Wanjuhi, na Wanjuhi alikuwa mbele pamoja na Chepkemboi. Huyu, Mkikuyu, ndiye aliyekuwa na duka la vyakula Londiani kabla ya ule moto wa watu wa kabila la Chepkemboi. Sasa aliuza mitumba Kericho mjini, na alikuwa mwembamba kuliko zamani. Mabinti zao walikuwa wamelala bweni moja miaka minne, wakavaliana nguo, wakajifunza kutukana kila mmoja kwa lugha ya mwenzake. Mama zao walijuana kwa salamu. Na katika matembezi yale salamu zilizidi: karibu, tangulia wewe, hapana wewe kwanza, chukua kipande kikubwa. Kila mmoja alimbembeleza mwenzake kama yai, kwa kuogopa kwamba neno moja likianguka vibaya, kanisa zima litasema ni yeye aliyevunja amani.

Katika kibanda cha kwanza kulikuwa na jiko na makaa kidogo. Usiku ule ulikuwa wa baridi ya kuuma masikio, nao wakaziba mlango kwa magunia wakalala wakilizunguka jiko. Asubuhi Chepkemboi aliamka kichwa kinagonga. Yunia, mama mzee wa Kikisii aliyestaafu kuchuma chai na ambaye alikuwa amelala karibu kabisa na jiko, alijaribu kusimama akaanguka, akatapika, akaanza kuongea na dada yake aliyekufa zamani. Wakambeba nje. Alipokaa kidogo kwenye umande akarudiwa na akili zake, akaomba chai.

"Ni hewa ya juu," Kiptum alisema. "Hii mlima iko hivyo. Hata wazungu inawashika, wanalia kama watoto."

Wote waliamini. Askari akisema kitu kuhusu msitu, wewe mchuma chai utambishia kwa lipi? Ila Wanjuhi alikaa akilitazama lile jiko kwa muda, majivu yake na mashimo yake, kisha akafunga mzigo wake.

Makaa ya pale yalikuwa yamekwisha. Jambo hilo lilimkera Chepkemboi njia nzima, kwamba Nelvine angefika pale jioni akute jiko tupu na upepo unaopita kwenye nyufa. Njia yenyewe haikumtuliza. Waliingia kwenye mianzi, na ukungu ukateremka ukakaa. Hakuna ndege aliyelia. Mara kwa mara Kiptum aliinua mkono wasimame, akasikiliza, akainama kugusa kinyesi cha nyati kama kingali na joto, kisha akawaonyesha waendelee. Hakuwaeleza alichosikia, na wao hawakuuliza.

Karibu na kibanda cha pili walisikia watu wakikimbia kwenye majani, wakakuta tanuri la wachoma makaa likifuka na gunia moja limeachwa. Wachoma makaa walikuwa wameona kofia ya Kiptum. Kiptum akasema kwa sauti ya serikali kwamba gunia hilo limeshikwa kisheria, kisha akalitia begani. Chepkemboi alicheka kwa mara ya kwanza tangu Londiani. Aliona wazi kwamba Mungu amemletea.

Pale mahali pa pili palikuwa na vibanda viwili. Kikubwa kilikuwa na mafiga katikati na paa la nyasi lililokuwa jeusi kwa moshi wa miaka mingi. Kidogo kilikuwa stoo ya zamani, cha mabanzi yenye nyufa za kupitisha kidole, kidirisha kimoja chini ya bati, na mahali pa kulala watu wawili. Akina mama walilala kwenye kile kikubwa na kuwasha kuni, na moshi ukawafanya walie usiku kucha kama waliofiwa. Chepkemboi alikohoa, na kila alipokohoa alimwona Nelvine akikohoa mahali pale pale kesho yake, mdomo wazi, mabega yakipanda na kushuka.

Kulipopambazuka alikuwa ameshaamua. Nelvine na Waringa watalala kwenye kile kidogo, na kile kidogo kitakuwa nyumba.

Sasa, Kapsoit nzima ilijua mkono wa Chepkemboi katika kukandika. Bibi arusi akihamia nyumba mpya, alikuwa anaitwa yeye. Ukuta aliokandika haukupasuka hata kiangazi, na wanawake walikuwa wanaupapasa kwa viganja na kusema huyu amezaliwa nayo. Alichimba udongo mwekundu kando ya kijito, akaokota mavi ya ng'ombe wanaochungwa msituni, akachanganya na majivu, akakanyaga kwa miguu mitupu kwenye maji ya baridi kali. Wanjuhi alimletea maji. Alikwenda na kurudi na debe bila kuambiwa, kisha akakunja mikono ya sweta naye akaingiza mikono topeni. Kwa saa nzima wanawake wale wawili walifanya kazi bila adabu zao za kuchosha, na Chepkemboi akafikiri kwamba pengine wachungaji hawakuwa wajinga sana.

Aliziba nyufa zote, za chini na za juu. Akaziba pembe. Akafungia gunia chini ya mlango lijae vizuri ukifungwa. Kisha akapanda juu ya gogo, akasokota gunia jingine, akalisukuma kwenye kidirisha na kuanza kupaka.

"Mama Nelvine," Wanjuhi akasema nyuma yake. "Hiyo ya juu si tuwache wazi kidogo?"

"Upepo ya usiku inaingia hapo hapo, Mama Waringa. Unataka watoto wetu wagande?"

"Hapana. Nilikuwa nafikiria tu, na hiyo jiko..."

"Jiko ndio raha yao. Makaa haina moshi. Huyu wangu moshi itamuua, lakini makaa ni safi kabisa."

Alisema bila kugeuka, na sauti yake ilikuwa kali kidogo kuliko alivyotaka. Alikuwa ameudhika. Tangu lini mkandikaji akaelekezwa na mleta maji? Wanjuhi alifungua mdomo. Akamtazama Kiptum, akamtazama Yunia, waliokuwa wamenyamaza ghafla wakiwaangalia, kwa ule unyamavu wa watu wanaongoja kuona kama amani itavunjika leo. Akaufunga mdomo.

"Sawa," akasema. "Wewe ndio unajua mambo ya udongo." Akaenda kunawa.

Chepkemboi alijaza jiko makaa ya serikali hadi juu, akaweka kiberiti kando yake, akafunga leso yake mlangoni. Walikuwa wamekubaliana na Nelvine tangu nyumbani: penye leso ya mama ndipo pako. Kabla ya kuondoka aliingia akasimama gizani. Hakusikia upepo wala kijito. Hakuwa amewahi kukandika nyumba nzuri kama ile, na furaha aliyoisikia ilikuwa kubwa hata akaona haya.

Walifika kibanda cha tatu jioni. Kilikuwa ukingoni, na kutoka pale ukungu ulipofunguka waliona chai chini kabisa, kijani kimoja kisicho na mwisho, na mabati ya viwanda. Kiptum alichemsha chai. Yunia alikunywa kikombe cha kwanza akanyoosha miguu.

"Leo kichwa yangu imefunguka," akasema. "Pale kwa kibanda ya kwanza, watoto wangu, mimi nilishaanza kwenda. Na haikuwa na uchungu. Ilikuwa usingizi tu, tamu."

Wanjuhi alikiweka kikombe chini. Kilipinduka, na hakukiinua.

"Hiyo ndiyo walisema ya Kimotho," akasema.

"Kimotho gani?" Chepkemboi akauliza.

"Ndugu ya bwanangu. Alikuwa soja huko Nairobi, analinda godauni ya mizigo. Walimjengea kibanda ya mabati. Baridi ya Julai, akaingiza jiko akafunga mlango. Asubuhi walimpata amekaa kwa kiti kama mtu amelala. Hata rungu iko kwa magoti. Watu walisema bibi yake amempatia sumu. Lakini daktari alisema ni jiko. Alisema makaa inakula hewa yote, inaacha sumu, na haina harufu. Wewe unalala tu."

Chepkemboi alisikia maneno yakimwingia polepole, moja moja, na mikono yake ikakumbuka ule ukuta, kila ufa, kila pembe, jinsi alivyousukuma udongo kwa kidole gumba mpaka usiweze kuingia zaidi.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Mama Nelvine..."

"Ulijua lini?"

"Jana. Ile asubuhi Mama Yunia alianguka, nikafikiria. Leo asubuhi nikafikiria tena, pale kwa dirisha."

"Na ukanyamaza! Mtoto wako yuko ndani ya hiyo nyumba na ukanyamaza!"

"Ningesema nini?" Wanjuhi alisimama. "Ati Mkikuyu amekuja kukufundisha kukandika? Wote walikuwa wananiangalia. Na nyumbani wananiambia kila siku, Wanjuhi, tangu ule moto unaona kifo kila mahali, wacha hiyo, omba. Nikajiambia ni hiyo tu. Nikajiambia nanyamaza kwa sababu ya amani."

Chepkemboi angeweza kumpiga. Alitaka kumpiga. Badala yake aliokota fimbo yake, akaanza kuirudi ile njia, na baada ya muda akasikia miguu ya Wanjuhi ikimfuata.

Kiptum aliwakimbilia akiwa na tochi, akisema giza linaingia, nyati wanatoka wakati huu, wangoje mapambazuko. Alikuwa anasema tu. Alishaona nyuso zao, na alishavaa koti lake. Yunia aliachwa kibandani na rungu la Kiptum na Bwana Yesu, na alisema hao wawili wanamtosha.

Kuhusu njia ile Chepkemboi hakuweza kusimulia mengi baadaye. Alianguka mara nyingi. Kwenye mianzi ukungu uliimeza tochi, wakapotea, na Kiptum akawasimamisha na kwenda peke yake kutafuta njia. Wakasimama pale gizani wanawake wawili, bila kushikana, wakisikiliza kitu kikubwa kikivunja matawi mahali fulani chini yao. Kila dakika waliyosimama ilikuwa makaa yanayowaka. Chepkemboi aliomba. Nipe Nelvine, alisema. Bwana, nipe Nelvine. Hakusema nipe watoto wetu. Aliliona hilo neno, lilikuwepo, na hakulichukua, kwa sababu alihisi kwamba akiomba vingi atapewa nusu. Karibu naye Wanjuhi alikuwa ananong'ona kwa Kikikuyu, na katika maneno yote Chepkemboi alitambua moja tu, Waringa, Waringa, Waringa.

Walitokea kwenye uwazi wa vibanda kukiwa kumekucha. Moshi wa kuni ulikuwa unapanda kutoka paa la kibanda kikubwa, na Gibson alikuwa nje anasugua meno kwa kijiti.

"Akina mama!" akashangaa. "Mmesahau nini tena?" Kisha akaona hali yao, akakitoa kijiti mdomoni. Mlango wa kibanda kidogo ulikuwa umefungwa. "Hao bado wamelala. Walifurahi sana jana, waliwaonea wengine huruma. Nimesema wasiamshwe mapema."

Chepkemboi alikuwa ameanza kukimbia aliposikia kikohozi. Kilitoka kwenye kibanda kikubwa, kikavu, kirefu, cha kifua kilichokula moshi usiku kucha. Miaka kumi na tisa alikiogopa kikohozi kile. Sasa alisimama pale, akakisikiliza. Nelvine alitoka mlangoni amejifunga blanketi, macho mekundu, akimtazama mama yake kama aliyeota.

Alimkumbatia mpaka binti akalalamika. Alimshika kichwa, masikio, mgongo. Alicheka, na alikuwa bado anacheka aliposikia Wanjuhi akiupiga ule mlango kwa bega.

"Mama, nini?" Nelvine akauliza. "Kichwa kilianza kuniuma jana usiku, kifua kikabana, nikatoka nikaenda kwa wengine. Nilimwambia Waringa tutoke wote. Akakataa." Alikuwa anaangalia mlangoni sasa, na sauti yake ilianza kupungua. "Alisema, mama yako amechoka na kututengenezea nyumba nzuri hivi, tukiiacha, tukikutana naye tutamwambia nini. Alisema ni vibaya."

Mlango uliachia. Wanjuhi aliingia. Kisha Kiptum aliingia, wakamtoa Waringa wakiwa wamemshika mikono na miguu. Midomo ya Waringa ilikuwa myekundu, mizuri, kama ya mtu aliyetoka kukimbia kwenye baridi. Kiptum alimlaza kwenye umande kama walivyomlaza Yunia. Akamfungua vifungo, akamkandamiza kifua, akamwita, akamkandamiza tena kwa muda mrefu sana. Gibson alianza Baba Yetu akaishia katikati. Umande haukumsaidia. Alikuwa amekwisha kuwa baridi chini ya nguo.

Chepkemboi alitaka kwenda. Alijiamuru. Lakini mikono yake ilikuwa imemshika Nelvine na haikukubali kumwachia, na alijua kwamba kila mtu anaona jinsi inavyokataa.

Vijana walikuwa wametoka wote. Walikuwa wa pande zote, kama kanisa lilivyotaka, na bila mtu kuwaambia walikuwa wameanza kusimama makundi mawili. Kijana mmoja wa Londiani alipita kando ya mwili, akaenda mpaka kwenye kibanda kidogo. Akaweka kiganja ukutani. Udongo ulikuwa haujakauka bado.

"Hii imezibwa," akasema. Akatazama juu kwenye kidirisha, akarudi kuwatazama watu. "Imezibwa mpaka juu. Nani alikandika hii nyumba?"

Nelvine alisikia mikono ya mama yake ikilegea. Chepkemboi alifungua mdomo aseme ni mimi, lakini Wanjuhi alitangulia. Alisema bila kuinua macho kutoka kwa mtoto wake, kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayejibu mteja.

"Ni sisi wawili. Na kama kuna mtu ako na maneno, aniletee mimi."

Kijana akaondoa mkono ukutani, akaufuta kwenye suruali. Wanjuhi alikuwa anamfunga Waringa vifungo vya sweta, kimoja kimoja, kuanzia chini.

"Mama Nelvine," akasema. "Njoo tumbebe. Mimi nashika kichwa."

Chepkemboi akamwachia binti yake, akaenda kushika miguu.